Vitunguu saumu vyangu vinaharibika kila msimu: kosa liko bustanini au kwenye kuhifadhi?

Mkulima wa Tuta Moja

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa kulima na kuhifadhi vitunguu saumu nyumbani, kwa kuwa nimekwisha kupoteza misimu miwili na sitaki wa tatu uende hivyo hivyo.

Msimu wa kwanza nilichukua punje za vitunguu nilivyonunua kwa ajili ya jikoni, nikazipanda kwenye tuta dogo lenye udongo tifutifu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Zilichipua, na majani yakastawi kiasi cha kunipa moyo, lakini nilipong'oa nilikuta kila mche una kitunguu kimoja cha mviringo ambacho hakikugawanyika punje ndani, kama kitunguu maji kidogo. Msimu wa pili nilipata mbegu kwa jirani ambaye hulima kila mwaka, na safari hiyo vitunguu viligawanyika kama inavyotakiwa. Niliviacha ardhini mpaka majani yote yakakauka, nikiamini kwamba kwa kufanya hivyo vingekomaa zaidi. Kisha niling'oa, nikaviosha kwa maji ili kuondoa udongo, nikavianika juani kwa siku mbili, na baada ya hapo nikavigawa mafungu matatu: fungu la kwanza nililitia kwenye mfuko wa plastiki na kuliweka katika jokofu, la pili nililiweka kapuni jikoni, na la tatu nililimenya na kulitumbukiza kwenye chupa ya mafuta ya kula ambayo niliiweka kabatini.

Baada ya wiki sita hivi, vile vya jokofuni vilikuwa vimechipua na kuota mizizi. Vya kapuni, baadhi vimekuwa vyepesi na vikavu hata ukivibonyeza vinasinyaa, na vingine vina ukungu wa rangi ya buluu chini ya maganda. Chupa ya mafuta ndiyo pekee inayoonekana kuwa salama, ingawa sijaifungua tangu nilipoijaza. Je, kosa langu lilikuwa wapi, na ni njia ipi ya kuhifadhi ambayo ninaweza kuiamini?

Mpishi Makini

Ndugu yangu, kabla hujasoma jibu lingine lolote, nakusihi usiionje chupa hiyo ya mafuta, wala usimpe mtu mwingine aionje. Uliona kuwa ndiyo pekee iliyosalimika, lakini kati ya mafungu yako matatu hilo ndilo la hatari, na mengine mawili yamekupotezea mavuno tu.

Sababu yenyewe ni hii. Kitunguu saumu hukua ndani ya udongo, na udongo una vijidudu vya bakteria aina ya Clostridium botulinum, ambavyo hujifunika kwa ganda gumu na kulala vikisubiri mazingira yanayovifaa. Vinapenda mahali pasipo na hewa, penye unyevunyevu na pasipo na uchachu. Punje mbichi iliyozamishwa kwenye mafuta inavipa yote hayo kwa pamoja: mafuta yanazuia hewa, punje ina maji yake ndani, na uchachu wake ni mdogo mno kuweza kuvizuia. Chupa ikikaa kwenye joto la kawaida la nyumba, bakteria hao huamka na kutengeneza sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Mafuta hayabadiliki rangi, na harufu ya kitunguu saumu inaweza kubaki ile ile nzuri, kwa hiyo macho na pua havitakusaidia kuitambua. Mwaka 1985, katika mji wa Vancouver nchini Kanada, watu 36 waliugua kwa sababu ya kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta bila kuwekwa kwenye baridi.

Itupe chupa hiyo ikiwa imefungwa, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, mahali ambapo watoto na wanyama hawawezi kuifikia, kisha unawe mikono kwa sabuni. Na kama kuna yeyote nyumbani aliyeionja bila wewe kujua, kisha akaanza kuona vitu viwili viwili, kope zikamlegea, akashindwa kumeza au ulimi ukawa mzito, apelekwe hospitali wakati huo huo na daktari aelezwe alichokula.

Anayependa ladha ya kitunguu saumu ndani ya mafuta hana haja ya kuiacha. Atengeneze kidogo, akiweke kwenye jokofu na kukitumia ndani ya siku nne, au akigandishe. Mimi husaga punje pamoja na mafuta kidogo, nikamimina mchanganyiko huo kwenye vyombo vidogo na kuutia moja kwa moja kwenye friza, na hukaa kwa miezi bila wasiwasi. Punje nzima zilizomenywa nazo huganda vizuri, ila zikiyeyuka huwa laini na hufaa kwa kupikia tu. Njia nyingine ni kuzikata vipande vyembamba na kuzikausha katika joto la nyuzi 60 hivi mpaka zivunjike zikikunjwa. Hapo zinaweza kusagwa kuwa unga.

Bibi Bustani

Nashukuru kwamba Mpishi Makini ametangulia kusema hilo. Mimi nitazungumzia msimu wako wa kwanza, kwa sababu vile vitunguu vya mviringo visivyogawanyika vinawakatisha tamaa wengi, ilhali si ugonjwa wala si laana ya udongo.

Mche wa kitunguu saumu unahitaji mambo mawili ili ugawanye punje. Kwanza, punje ya mbegu au mche mchanga lazima upitie kipindi cha baridi, kwa kawaida wiki 6 hadi 8 katika nyuzi kati ya 0 na 10 za Selsiasi. Pili, siku zinaporefuka na joto kupanda baada ya baridi hiyo, mche huacha kuongeza majani na kuanza kujaza kitunguu. Mche ambao haukupata baridi ya kutosha huendelea kukua, lakini chakula chake chote huhifadhiwa katika tumbo moja, na hicho ndicho ulichokikuta. Punje ndogo kupita kiasi na kupanda kwa kuchelewa huweza kuleta matokeo hayo hayo.

Anayeishi mahali pasipo na majira ya baridi anaweza kuitengeneza baridi hiyo mwenyewe. Chukua vitunguu vya mbegu vikiwa vizima, bila kuvitenganisha punje, viweke kwenye mfuko wa karatasi ndani ya jokofu kwa wiki 6 hadi 8, kisha uvitoe siku ile ile ya kupanda, kwa maana vikikaa tena kwenye joto kwa muda mrefu faida ya baridi hupungua. Hata hivyo, zipo aina zilizozoea hali ya joto ambazo zinahitaji baridi kidogo tu, na naamini mbegu ya jirani yako ni mojawapo. Ningekuwa mimi, ningeishikilia mbegu hiyo kwa mikono miwili. Mbegu iliyokwisha kuzaa vizuri katika hali ya hewa ile ile ninayoishi naithamini kuliko mbegu ya sifa kubwa iliyotoka mbali. Zaidi ya hayo, vitunguu vya jikoni wakati mwingine huwa vimetibiwa ili visichipue, na hata vikichipua huwezi kujua vilitoka katika hali gani ya hewa.

Kama vile vya mviringo bado unavyo, usivitupe. Uvipande kama ungepanda punje kubwa, baada ya kuvipitisha kwenye baridi, na vingi vitagawanyika msimu unaofuata.

Kuhusu kupanda kwenyewe sina mengi, kwa sababu inaonekana unakuweza. Tenganisha punje siku ya kupanda au siku moja kabla yake, bila kuzimenya. Chagua zile kubwa na uzipeleke ndogo jikoni. Zipande ncha ikielekea juu na kitako chini, kwa kina cha sentimita 3 hadi 5, na uziachie nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Mizizi ya mche ni mifupi na majani yake ni membamba, hivyo hauwezi kushindana na magugu. Matandazo ya majani makavu yatakusaidia sana, mradi usiyalundike kwenye shingo ya mche wakati wa mvua nyingi.

Mzee wa Ghala

Ndugu Mkulima, nimelisoma swali lako mara mbili, na nadhani jibu la kichwa chake ni kwamba makosa yako yako pande zote mbili, ila lililo kubwa lilitendeka bustanini kabla hujakifikiria kapu wala jokofu. Ulingoja majani yote yakauke. Kwa kitunguu maji, kungoja hivyo hakuna madhara makubwa, na ndiyo maana wengi hukosea. Kitunguu saumu kina desturi nyingine.

Kila jani la kitunguu saumu huteremka mpaka chini na kukizunguka kitunguu chote, na sehemu hiyo ya chini ndiyo huwa ganda moja la nje. Jani likifa juu, ganda lake huanza kuoza chini. Kwa hiyo, ukihesabu majani mabichi yaliyobaki unakuwa umehesabu maganda mazima yatakayolinda punje zako ghalani. Ulipong'oa bila jani bichi hata moja, ulitoa vitunguu vilivyokwisha kuvuliwa nguo, na naweza kukisia kwamba vingi vilikuwa vimeanza kupasuka na punje kuachana. Vikichimbwa mapema mno navyo hupata hasara ya aina nyingine, kwa sababu punje huwa ndogo na maganda huwa membamba na yenye maji.

Wakati wa kuvuna ni pale ambapo theluthi moja hadi nusu ya majani yamekauka kuanzia chini, na juu bado kuna majani matano au sita ya kijani. Majani peke yake hayatoshi kukupa uhakika, kwa hiyo chimba kitunguu kimoja na ukikate katikati kwa upana. Kama punje zimejaa na kuyabana maganda, chimba vyote. Kama bado kuna nafasi kati ya punje na ganda, ngoja siku chache. Maji nayo yakatishwe kama wiki mbili kabla ya hapo. Mbolea ya naitrojeni ikome mapema zaidi, mara kitunguu kinapoanza kujaa, kwa sababu mche unaoendelea kushibishwa huchelewa kukomaa, na pengine punje huanza kuchipua zikiwa bado ardhini.

Chimba kwa jembe uma huku ukiinua udongo kutoka chini, wala usivute majani, kwa maana shingo ikichubuka huwa mlango wa ukungu. Usivirushe na usivigonge ili kudondosha udongo. Ule ukungu wa buluu uliouona huingia kwenye vidonda na michubuko, na kitunguu kilichogongwa leo kinaweza kuonekana kizima kwa wiki kadhaa kabla ya kuoza. Na tafadhali usivioshe tena. Maji huingia kati ya maganda, na hayatoki kwa urahisi. Udongo utakauka wenyewe, na mwishoni utautoa pamoja na ganda moja la nje kwa kidole gumba.

Sasa nifike kwenye kukausha, ambako napenda kukawia kidogo kwa sababu ndiko nilikopoteza tuta zima nilipokuwa bado najifunza, baada ya kutundika mavuno katika stoo iliyofungwa ambayo haikupitisha hewa. Siku mbili za jua hazitoshi, na zaidi ya hapo jua kali linaweza kukiunguza kitunguu kibichi kikawa kama kilichochemshwa upande mmoja. Kinachohitajika ni kivuli na hewa inayotembea, kwa wiki mbili hadi nne kulingana na unyevu wa mahali. Viache na majani na mizizi yake, uvifunge mafungu ya vitunguu visivyozidi kumi na uvitundike, au uvitandaze safu moja juu ya wavu ili hewa ipite hata chini yake. Majani yasikatwe mapema, kwa kuwa shingo inapokauka taratibu hujifunga yenyewe.

Utajua vimekauka maganda ya nje yakianza kulia kama karatasi kavu, na ukikata shina juu ya shingo usiambulie unyevu wowote. Hapo ndipo unapopunguza mizizi mpaka kama sentimita moja na shina mpaka sentimita mbili au tatu. Aina zenye shingo laini unaweza kuzisuka mkufu na kuutundika. Zenye shina gumu katikati, ambazo hutoa kikonyo cha ua, hazisukiki, na kwa kawaida hazidumu ghalani kama zile za shingo laini. Ukiwa nazo zote mbili, kula kwanza zenye shina gumu. Kikonyo hicho kikatwe kinapoanza kujikunja ili nguvu ya mche iende kwenye kitunguu, nacho chenyewe kinaliwa.

Tukija kwenye mahali pa kuweka, huenda ikakushangaza kwamba Bibi Bustani amekushauri jokofu kwa mbegu, nami nakukataza jokofu kwa chakula. Sote tunasema jambo moja. Joto la nyuzi 4 hadi 10, ambalo jokofu la nyumbani mara nyingi huwa karibu nalo, ni lile lile linaloiambia punje kwamba majira ya kuota yamefika, na kwenye mfuko wa plastiki uliipa na unyevu wa kuoteshea mizizi. Maghala ya biashara huhifadhi katika nyuzi 0 hivi, baridi ambayo hulaza punje kabisa, lakini jokofu la nyumbani halifiki huko bila kugandisha vitu vingine. Nyumbani tafuta mahali pakavu, pasipo na mwanga wa jua, penye hewa, ambapo joto ni nyuzi 15 hadi 18 au karibu na hapo kadiri unavyoweza kupapata. Tumia kapu lililosukwa kwa nafasi au mfuko wa wavu, na usilundike tabaka nyingi. Jikoni panapochemka kila siku panakausha punje mpaka zinakuwa makapi, na mvuke wake unaalika ukungu. Ndiyo sababu kapu lako lilitoa hasara za aina mbili kwa wakati mmoja.

Mkulima wa Tuta Moja

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Chupa nimeitupa kama nilivyoelekezwa, na hakuna aliyeionja. Sikuwahi kufikiri kwamba majani na maganda ni kitu kimoja, na sasa naelewa kwa nini punje zilikuwa zinadondoka mkononi nilipokuwa naziosha.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Vile vilivyochipua katika jokofu, je, vinafaa kuliwa au kupandwa? Na vile vyenye ukungu, naweza kuondoa punje zilizooza na kupanda zilizo nzima? Ningependa pia kujua kama ninaweza kulitumia tuta lile lile, kwa kuwa sina nafasi nyingi.

Bibi Bustani

Vilivyochipua vinaliwa bila madhara, mradi punje ni ngumu na haina ukungu. Kichipukizi cha kijani kina uchungu kidogo, na asiyekipenda anaweza kukitoa. Kwa bahati njema, hivyo ndivyo vinavyofaa kupandwa mara moja, kwa sababu wiki sita ulizozitumia kwa kukosea zimevipa baridi viliyoihitaji. Ukiwa na udongo ulio tayari, uvipande wiki hii bila kuvunja mizizi iliyoota.

Kwenye vyenye ukungu mimi huwa sipandi hata punje moja, ingawa najua wapo wanaochambua. Unapokivunja kitunguu chenye ukungu ili kutenganisha punje, vumbi lake la buluu hurukia zile nzima, na huwezi kuliona. Punje iliyoambukizwa hivyo huoza ardhini au huota mche dhaifu wa manjano. Viondoe vyote nje ya bustani na usivitie kwenye shimo la mboji.

Mzee wa Ghala

Naongezea kuhusu tuta. Kabla ya kuamua, kumbuka kama uliwahi kuona utando mweupe kama pamba kwenye kitako cha kitunguu, wenye chembe nyeusi ndogo kama vichwa vya pini. Huo ni uozo mweupe, na chembe zake zinaweza kuishi ardhini kwa miaka 20 au zaidi zikisubiri mmea wa jamii ya vitunguu. Ukiuona, tuta hilo lisipandwe kitunguu cha aina yoyote, na udongo wake usibebwe kwa jembe wala viatu kwenda mahali pengine.

Kwa kuwa hukuutaja, huenda haupo. Hata hivyo, pumzisha tuta hilo kwa miaka mitatu au minne kabla ya kurudisha kitunguu saumu, kitunguu maji au liki, na katika miaka hiyo panda kunde, mboga za majani au chochote kisicho cha jamii hiyo. Kama nafasi ni ndogo, vitunguu saumu vinakubali kukaa kwenye ndoo au sanduku lenye kina cha sentimita 25 hivi na matundu ya kutosha chini, lililojazwa udongo mpya na mboji. Utalazimika kumwagilia mara nyingi zaidi kuliko kwenye tuta, lakini zile punje zako zilizochipua unaweza kuzipanda humo hata leo jioni.